Sura ya 6: Ukoo Barabarani

Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hujaa watu wanaorudi kwao. Tiketi zinagombaniwa, na wenye magari binafsi hutoka alfajiri ili wavuke Chalinze kabla jua halijapanda. Wachaga na Wapare ndio wanaotajwa zaidi kwa desturi hii, lakini hawako peke yao. Wahaya, Wanyakyusa, Wakinga, Waha na wengine wengi wana mikutano ya ukoo yenye mwenyekiti, mweka hazina, fulana za rangi moja na kundi la WhatsApp lisilolala. Miaka ya karibuni koo nyingi zimeongeza jambo jingine kwenye ratiba: kukodi Kosta au basi zima kwa siku moja au mbili na kwenda kutalii pamoja, wengine Mikumi, wengine Ngorongoro, wengine Bagamoyo au mapango ya Amboni kule Tanga. Kwa kawaida siku hiyo huhesabiwa kuwa pumziko baada ya mambo mazito ya kikao, na bajeti ikibana ndiyo ya kwanza kufutwa. Nadhani hapo tunakosea. Dai la sura hii ni kwamba siku ya basi ndiyo siku ambayo ndugu hukutana hasa, na kwamba ikipangwa ipite mahali ambapo ukoo wenyewe ulipita, inafanya kazi ambayo nyumbani haifanyiki.

Tuangalie kwanza hiyo siku ya nyumbani inavyokwenda. Watu themanini wamefika. Wanawake wako nyuma ya nyumba na masufuria tangu saa kumi na moja alfajiri. Wanaume wazima wako chini ya mti wakisubiri ajenda. Vijana wamejitenga na simu zao. Watoto hawajulikani walipo mpaka wapigwe kelele. Kikao kikianza kinazungumzia mpaka wa shamba, makaburi yanayohitaji kujengewa, ada ya yatima fulani na mchango ambao nusu ya wajumbe hawajalipa. Haya yote ni ya lazima na sina neno nayo. Lakini tazama nani hasikiki. Shangazi aliyezaliwa wa kwanza, anayejua kwa nini jina la babu lilibadilishwa na nani alilelewa na nani, yuko jikoni anapima chumvi. Mkwe aliyeolewa mwaka jana anajifunza majina ya watu kwa kuwapelekea chai. Jioni wanaotoka mijini wanarudi gesti walikofikia, na kesho yake wanaondoka wakiwa wamesalimiana na kila mtu na kuzungumza na wawili watatu. Mkusanyiko wa nyumbani unagawa watu kwa kazi na kwa cheo, na mgawanyo huo haumruhusu binamu wa miaka kumi na tisa kukaa saa nne karibu na mama mkubwa wa miaka sabini.

Kosta inamlazimisha. Abiria ni kati ya ishirini na tano na thelathini, siti ni mbili upande mmoja na moja upande wa pili, na katikati kuna zile siti za kukunja zinazoziba njia yote. Mtu wa nyuma akitaka kushuka kuchimba dawa, safu nzima ya katikati inainuka, mmoja baada ya mwingine, siti zinakunjwa, mikoba inapitishwa juu ya vichwa, mtoto wa mwenzio unapakatishwa bila kuombwa. Hakuna aliyebaki jikoni, kwa sababu chakula kimefungwa tangu usiku na kila mmoja anakula alipo. Hakuna kiti cha mwenyekiti pia. Heshima haipotei, kwani wazee watakaa mbele ambako gari halirushi sana, na mwenye kuujua mwiko wa mkwe atapangwa mbali na mama mkwe wake. Kinachopotea ni ile nafasi ya kukimbiana. Jambo hili dogo la viti, naona, lina uzito kuliko hotuba nyingi zinazotolewa kuhusu umoja wa ukoo.

Kuna sababu nyingine, inayohusu adabu zetu wenyewe. Kijana aliyelelewa vizuri hamkabili mzee na maswali. Hamkodolei macho, hamkatizi, na hawezi kuketi mbele ya babu yake kama karani wa mahakama akamwambia aeleze maisha yake. Ndiyo maana vijana wanaokuja na daftari na simu ya kurekodia mara nyingi huondoka na sentensi tatu za baraka. Ndani ya gari wote wanatazama mbele au nje, na swali linatoka dirishani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kama kilomita 50, na abiria wa basi lolote anaona pundamilia, swala, nyani, twiga na siku nyingine tembo bila kushuka, huku vibao vya pembeni vikitaja faini ya kumgonga kila mnyama. Mtoto akipiga kelele ya tembo, mzee aliyekaa kimya tangu Morogoro ataanza kueleza jinsi tembo walivyokuwa wakimaliza mahindi kwao, nani alilala shambani kulinda, na nani hakurudi. Hakuulizwa. Kilichomfungua ni kitu kinachoonwa na wote kwa wakati mmoja.

Hoja yangu ya pili ni ya kihistoria, na ndiyo nzito zaidi. Tunazoea kufikiri kwamba ukoo una mahali pake, na safari ni kuondoka mahali hapo. Historia ya nchi hii inaonyesha kwamba koo nyingi zimetengenezwa na njia. Katika karne ya 19 makumi ya maelfu ya wapagazi walipita kila mwaka kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Walioa njiani, waliugua na kuuguzwa njiani, wakazikwa na watu wasiokuwa wa kabila lao. Utani uliopo mpaka leo kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo unaelezwa na watafiti wengi kuwa ulikomaa katika misafara hiyo: mgeni alihitaji mtu wa kumpa chakula, kumzika na kumwonya bila kugombana, na utani ukampa mtu huyo. Yaani mzaha anaokufanyia mtani wako msibani leo, akikaa juu ya jeneza na kudai alipwe ndipo mazishi yaendelee, una uhusiano na njia ya miguu iliyopita Kongwa na Mpwapwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mfano ulio karibu zaidi, ambao wazee walio hai bado wanaubeba, ni mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba yaliyojaza mabonde ya Pangani, Muheza, Korogwe na Mombo, kisha Morogoro na Kilosa, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa uzalishaji, na kufikia mwaka 1964 ilikuwa inatoa kama tani 230,000 kwa mwaka. Watu wa kuyafanyia kazi hawakupatikana Tanga peke yake. Walitafutwa Kigoma, Songea, Njombe, Unyamwezi, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha shirika la kuajiri lililojulikana kama SILABU, likawa linawaleta manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwa maelfu. Reli ya Kati na ile ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963 tu, kwa hiyo kabla ya hapo mtu wa Kasulu alishuka treni na kumalizia safari kwa lori au kwa miguu. Katika miaka ya 1950 sekta hiyo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wengine hawakurudi, na wajukuu wao wapo leo Korogwe, Muheza na Hale, wakizungumza Kiswahili cha Tanga na kubeba majina ya Kiha, Kimakonde au Kibena ambayo hawawezi kuyaeleza.

Sasa fikiria ukoo wenye historia hiyo ukikodi basi. Ukienda nao Ngorongoro utawafurahisha. Ukiwasimamisha kwenye shamba la mkonge linalofanya kazi karibu na Korogwe, kwa ruhusa ya meneja, watajifunza jambo. Pale mtu anaona mkataji anavyoinama, anachagua majani ya chini, anakata kwa panga, anapunguza mwiba wa ncha na kuyafunga mafungu. Anasikia mashine ya kuchambua, ambayo wenyeji huiita korona, ikisaga majani na kumwaga maji ya kijani yenye harufu kali inayokaa kwenye nguo. Anaona nyuzi nyeupe zimeanikwa kwenye waya, safu kwa safu, na kuambiwa kwamba katika kila kilo mia moja za majani nyuzi ni kama kilo nne tu, mengine yote ni takataka. Hapo hesabu ya maisha ya babu inaeleweka kwa mikono. Kadi yake ya kipande ilikuwa na nafasi za siku thelathini za kazi; siku asiyomaliza ngwe yake haikuhesabiwa, na mwezi wake ungeweza kuchukua siku arobaini. Mjukuu anayelalamika kwamba babu hakuacha hata kiwanja atalitazama lile panga akiwa na maswali mengine. Na bibi, ambaye nyumbani amekuwa akisema tu kwamba "tulikuwa kambini", ataonyesha kwa kidole nyumba za kambi zilivyopangwa, Wamakonde upande huu, Waha upande ule, na kisima kilikuwa wapi.

Kwamba kumbukumbu hushikwa na mahali si dhana yangu. Mwanasosholojia wa Kifaransa Maurice Halbwachs alieleza tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20 kwamba kikundi hukumbuka kwa kujishikiza kwenye nafasi kinayoishi, na nafasi ikivunjwa kumbukumbu hulegea. Jan Vansina, aliyefanya kazi Kongo, Rwanda na Burundi na kuifanya simulizi ya mdomo iheshimiwe kama chanzo cha historia, aliitaja mandhari miongoni mwa vitu vinavyowasaidia wasimulizi kukumbuka: kaburi, mti, ngome iliyobomoka. Huko Marekani, Dorothy Spruill Redford alitumia karibu miaka kumi kutafuta asili ya familia yake baada ya filamu ya Roots kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1977. Tarehe 30 Agosti 1986 aliwakusanya watu wapatao 2,000 kwenye shamba la Somerset Place, North Carolina, wengi wao wazao wa watumwa waliolilima. Wangeweza kukutana kwenye ukumbi wa mji wowote. Walichagua shamba, kwa sababu pale watu waliotoka miji mbalimbali, wasiojuana kwa sura, walikuwa na kitu kimoja cha kukitazama na kukisemea.

Kuna watakaosema kwamba nyumbani ni nyumbani, na kwamba ukoo unaozunguka na basi badala ya kukaa kwenye makaburi ya wazee wake umepoteza mzizi. Hoja hii inastahili heshima. Kupalilia kaburi, kumwaga pombe au kusoma hitma ni mambo ambayo basi haliwezi kuyachukua, na ukoo ulio na kihamba chenye makaburi ya vizazi vinne una bahati ambayo hauna sababu ya kuiacha. Lakini tuwe wakweli kuhusu hicho tunachokiita nyumbani. Mwishoni mwa 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo 1976 kila mtu wa vijijini awe ameingia kwenye kijiji, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengi katika operesheni za 1974, nyumba zikapangwa kando ya barabara ili zifikike kwa gari. Kwa koo nyingi za Dodoma, Singida, Shinyanga, Kigoma, Lindi na Mtwara, nyumba ambayo watoto wanapelekwa Desemba ni ya baada ya hapo, na mahame, penye mbuyu, visima na makaburi, pako kilomita kadhaa porini. Ukoo wa namna hiyo ukibaki uani haujafika kwao. Unahitaji gari na mzee wa kuelekeza, na hiyo tayari ni safari ya kutalii, hata kama mwisho wake ni pori lisilo na kibao.

Pingamizi la pili linahusu ukweli wa yanayosemwa. Mzee aliyechangamshwa na safari atasema mengi, na si yote yalitokea. Atamfanya baba yake shujaa, atachanganya vita vya kwanza na vya pili, atahamisha kijiji. Nakubali. Vansina mwenyewe alisisitiza kwamba simulizi hubadilika kufuata haja za wanaosimulia. Ila hapa basi lina faida ambayo mahojiano ya faragha hayana: wazee wako wawili watatu na wanasikia. Babu akisema walihamia mwaka wa njaa, dada yake atamjibu toka siti ya pili kwamba njaa ilikuwa baadaye, wakati yeye ameshaolewa. Ubishi ule, mbele ya vijana, unafundisha kwamba historia ya ukoo ina pande, na kijana mwenye simu ataondoka na tarehe mbili za kulinganisha badala ya moja ya kukariri.

Kuhusu gharama, watu hutaja bei ya kukodi gari kana kwamba ni pesa mpya. Ukiweka pamoja kodi ya gari, mafuta, posho ya dereva na konda, viingilio na chakula, kisha ugawe kwa abiria thelathini, kiasi kinachobaki kwa mtu mmoja wengi wetu tumewahi kuchangia harusi moja bila kunung'unika. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya wanachotozwa wageni, na watoto hulipa pungufu zaidi. Penye mzigo kweli ni mahali pa mbali na penye sifa. Kreta ya Ngorongoro haishukwi na Kosta. Lazima kukodi magari madogo ya kupanda milima, na hapo bei inapaa. Ukingo wake uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haiwafai wazee wenye shinikizo la damu. Ukoo usio na uwezo hauna haja ya kujidhalilisha kwa kukopa ili upige picha pale. Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 75. Magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 na boma la Wajerumani vinatosha kutwa nzima, na jioni kila mtu amelala kwake. Kwa Iringa, Kalenga ni mwendo mfupi kutoka mjini, na fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954 linaweza kuanzisha mazungumzo ya siku mbili katika ukoo wowote wa Kihehe.

Naogopa zaidi matumizi mabaya ya basi lenyewe. Likifungwa skrini na spika, na mtu mmoja akaamua kwamba ukoo mzima usikilize nyimbo anazozipenda tangu Kibaha hadi Mombo, faida zote nilizozitaja zimekwisha kabla ya kituo cha kwanza. Muziki uwepo wakati wa kurudi, watu wakiwa wamechoka. Mwendo nao ni wa kujadiliwa na dereva mapema: basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, 50 penye makazi, na anayeahidi kuwafikisha vituo sita kwa siku anaahidi kuvunja sheria akiwa amebeba vizazi vitatu vyenu. Vituo viwili vinatosha. Kati yake paachwe nafasi ya kusimama kununua machungwa Muheza au Mkata, kwa sababu wauzaji wakikimbilia dirishani na vikapu vyao, wazee huanza kulinganisha bei za sasa na za zamani, na hayo ni mazungumzo mazuri kuliko mengi.

Limebaki pingamizi ambalo ni gumu kuliko yote. Si kila njia ya ukoo inatazamika. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa misafara ya watumwa pia, na misheni ile ya 1868 ilijenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Wazao wa watu waliouzwa wapo pwani yote, na wazao wa waliouza wapo, na mara nyingine ni ukoo mmoja. Familia nyingi zimenyamaza kwa makusudi ili watoto waoe na kuolewa bila kunyooshewa kidole. Mtu aliyenyamaza miaka sitini hajasahau, ameamua. Mratibu wa safari mwenye miaka thelathini, aliyesoma habari hizo mtandaoni, hana haki ya kuuvunja uamuzi huo kwa kusimamisha basi na kushika kipaza sauti. Kwa hiyo nashauri njia isichorwe na kamati peke yake. Wiki kadhaa kabla ya safari, mtu mmoja anayeaminika, mara nyingi mjukuu, kwa kuwa kati ya babu na mjukuu utani unaruhusu yasiyoruhusiwa kwingine, aende kwa kila mzee na kumuuliza angependa kupaona wapi tena na wapi hataki kupita. Majibu yaheshimiwe bila kudai sababu. Mzee akikataa Bagamoyo mjini, ziko Kaole na bahari, au iko njia nyingine kabisa. Akikubali na akafika pale akanyamaza, dereva asubiri mpaka mwenyewe aseme twende.